Usimdai Mbwa Shukrani

Lazima umeiona hiyo klipu. Mbwa amejikunja kwenye mtaro, mbavu zote nje. Kinanda kinalia polepole. Mkono unaingia na kipande cha soseji, na maandishi yanasema Siku ya 1. Sekunde ishirini baadaye ni Siku ya 14: mbwa ameoshwa, amefungwa kitambaa chekundu shingoni, amelala mapajani mwa mtu kwenye kochi. Chini hapo watu wanamwaga machozi na emoji za moyo.

Mimi nasema klipu hiyo inaua mbwa.

Inaua kwa sababu inatufundisha kwamba woga ni kama matope, unatoka kwa maji moto, shampuu na wiki mbili za upendo. Msee wa Roysambu anaitazama, anaguswa, na Jumamosi anaenda kuchukua mbwa wake. Siku ya 14 inafika na mbwa bado yuko nyuma ya kochi. Akisikia funguo mlangoni anajikojolea. Chakula hagusi mpaka taa zizimwe. Hakuna kitambaa, hakuna mapaja. Hapo ndipo lugha inaanza kubadilika. Kwanza ni, "Kwani huyu ana shida gani?" Halafu, "Nimemtoa barabarani, namnunulia nyama, na bado ananiogopa?" Mwishowe linatoka lile lenyewe: "Huyu mbwa hana shukrani." Wiki inayofuata amerudishwa alikotoka, au amepewa soja wa ploti ya jirani, au geti limepatikana wazi asubuhi na kila mtu anaapa si yeye aliyeliacha.

Hiyo "hana shukrani" ndiyo ninayogombana nayo leo. Vijana wa mjini tunajisifu kwamba tumewashinda wazazi wetu kwa utu: wao walifunga mbwa kwa mnyororo, sisi tunawaasili. Lakini mnyororo upo bado. Tumeutoa shingoni tukaugeuza deni, na mbwa anatakiwa kulilipa kwa kutingisha mkia mbele ya kamera.

Hebu tazama mambo kutoka upande wake. Mbwa hajui kwamba ameokolewa. Anachojua ni kwamba watu asiowajua walimnasa, wakamwingiza kwenye gari, wakamfungia mahali pasipo na pa kutorokea, kisha mmoja wao akaanza kumpapasa kichwa. Ondoa nia yako njema kwenye hadithi hiyo, maana mbwa haioni, na unabaki na kitu ambacho sisi Wakenya tuna jina lake. Hatujawahi kumwambia mtu aliyefanyiwa hivyo ashukuru.

Na woga huo hakuuokota hewani. Tumeutengeneza sisi, tena kwa bidii. Tembea mtaa wowote wenye mageti, kuanzia Buruburu mpaka Runda, usome vibao: Mbwa Kali. Mwalimu wako wa Kiswahili angekikata kwa kalamu nyekundu, lakini mwenye nyumba hashughuliki na upatanisho wa kisarufi, anachotaka ni utishike. Nyuma ya kibao kuna mnyama anayeshinda kutwa kwenye kibanda cha mabati, jua likimpiga, anafunguliwa usiku azunguke kiwanja peke yake. Hajawahi kutembezwa. Mkono anaoujua ni ule unaotupa ugali na ule unaoinua fimbo, na wakati mwingine ni mkono mmoja. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inasema kumpiga na kumtesa mnyama ni kosa, lakini niambie ni nani mtaani kwenu amewahi kuisoma. Mwenye nyumba akihama, mbwa anabaki. Na huyo tunayemwita mkali, mara nyingi ni mwoga aliyegundua kwamba akionyesha meno watu hurudi nyuma.

Mbwa koko naye ana shule yake. Mawe ya watoto wakitoka shuleni. Maji moto ya kibandani. Nyama iliyotiwa sumu. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na methali hiyo ukiipeleka mtaroni utaona ilivyo kweli. Yule mbwa shujaa, aliyemkimbilia kila mpita njia akitingisha mkia, mara nyingi hayupo tena. Unayemkuta hai akiwa na miaka miwili ni yule aliyejifunza kukaa mbali na watu. Huo woga unaotaka kuufuta kwa wiki mbili ndio uliomfikisha mikononi mwako akiwa anapumua.

Tusisahau pia neno "shenzi". Walowezi walilitumia kwa mbwa wa kienyeji, na kwa wenyeji wenyewe. Bendera ikashushwa, neno likabaki, na leo ni sisi tunalitumia bila aibu: mbwa wa Kijerumani analala ndani, shenzi analala nje. Shenzi akiogopa, eti ni damu yake mbaya. Damu ina mchango wake, sikatai. Lakini kuna jambo kubwa ambalo watu hawaelezwi siku ya kuchukua mbwa. Mwaka 1961 watafiti Freedman, King na Elliot walichapisha jaribio walilofanya Bar Harbor, Marekani. Walilea watoto wa mbwa ndani ya kiwanja chenye ua mrefu bila kugusana na watu, kisha wakawatoa wakiwa na umri tofauti. Waliokutana na watu mapema waliwazoea. Waliokaa bila mtu mpaka wiki ya 14 walikuwa karibu kama wanyama wa porini. Wanaoshughulika na tabia za mbwa hukubaliana kwamba kipindi hicho cha kuzoea dunia huanza kama wiki ya 3 na kuanza kufunga kati ya wiki ya 12 na ya 14.

Sasa piga hesabu. Mbwa aliyezaliwa chini ya kontena pale Gikomba, akakutana na binadamu wake wa kwanza mpole akiwa na mwaka mmoja na nusu, kipindi hicho kilimpita kitambo. Bado anaweza kujifunza, lakini anajifunza kama mtu mzima anayeanza lugha ya pili: polepole, kwa jasho, na lafudhi haitoki yote. Wewe ulitaka aongee kama mwenyeji kufikia mwisho wa mwezi.

Kuna jambo lingine ambalo ni baya zaidi, kwa sababu linafanana na mafanikio. Utamsikia mtu akisema, "Wangu hana noma, ametulia tu. Namshika popote, hata hasongi." Mwaka 1967 Seligman na Maier wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majaribio ambayo hata kuyasimulia kunauma. Mbwa walipigwa shoti za umeme ambazo hawakuwa na njia ya kuzizuia. Baadaye wakawekwa kwenye sanduku ambamo walihitaji tu kuruka kizuizi kifupi ili kuikwepa shoti. Wengi hawakuruka. Walilala chini wakaipokea. Walikuwa wamejifunza kwamba chochote watakachofanya, hakuna kitakachobadilika.

Kwa hivyo mtazame vizuri huyo wako aliyetulia. Ameganda kwenye kona, amekubali kuoshwa, kubebwa na kupigwa picha na wageni sita. Mkia umeingia kati ya miguu. Anajilamba midomo na hakuna chakula. Anapiga miayo na hana usingizi. Amegeuza uso, na weupe wa jicho unaonekana pembeni. Manze, huyo amekata tamaa, na wewe unaita hiyo amani.

Halafu kuna wanaume wa "alfa". Kila mtaa una mmoja, ana kamba nene na ushauri wa bure. "Lazima ajue nani mkubwa hapa." Anamlaza mbwa mwoga chalichali, anambana shingo mpaka aache kupigana, kisha anasimama akijipangusa mikono kama fundi aliyemaliza kazi. Elimu hiyo ilitoka wapi? Mwaka 1947 Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Mmarekani David Mech alilisambaza wazo hilo kwa kitabu chake cha mwaka 1970. Lakini Mech huyohuyo, baada ya kuwafuata mbwa mwitu porini kwa miaka, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi lao kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto. Akaomba kitabu chake kisiendelee kuchapishwa. Aliyelieneza wazo hilo amelikana, na wewe wa Umoja bado unamkalia mbwa shingoni kwa jina lake.

Kinachofanya kazi, samahani, kinaboo. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones aliandika kuhusu mtoto mdogo aliyemwita Peter, aliyekuwa akiogopa sungura. Hakumkumbatisha sungura kwa nguvu. Alimpa Peter chakula anachokipenda huku sungura akiwa mbali, ndani ya kizimba, na sungura akawa anasogezwa kidogo kidogo, mradi mtoto anaendelea kula. Mwishowe Peter alimshika sungura kwa hiari yake. Imepita zaidi ya miaka 100, na kwa mbwa mwoga bado tunafanya hivyohivyo. Umbali, chakula, subira. Akiacha kula, umekaribia mno. Rudi nyuma.

Kwenye keja yako hiyo inamaanisha hivi. Mpe kona moja, chini ya meza au kizimba kilichofunikwa leso, na akiingia humo hakuna mtu anayemfuata, hata mtoto, hata mgeni aliyetoka mbali kumwona. Kumwosha kunaweza kungoja. Kaa sakafuni ukimpa ubavu, usimkodolee macho, soma kitabu chako. Kipande cha matumbo kirushe upande wake, mbali na wewe. Ukimlazimisha aje mkononi mwako kukichukua, unamchagulisha kati ya njaa na woga, na mbwa aliyeletwa karibu na njaa peke yake hushtuka akishashiba. Ukitoka naye, mvalishe mkanda wa kifua uliombana sawasawa, na kola pia, na kila kimoja kiwe na kamba yake. Mbwa mwoga hurudi kinyumenyume akachomoka kwenye kola kama mkono kwenye sweta, na pikipiki ikilipua moshi pale Outering, hutapata nafasi ya pili ya kumfunga. Na akinguruma, msikilize. Mngurumo ni honi. Ukimchapa kwa kunguruma, woga unabaki palepale, ila honi umeing'oa, na siku nyingine ataanza na meno.

Ninayemlea kwa muda sasa hivi ni jike wa rangi ya mchanga. Wiki tano hakula mbele yangu. Wiki ya sita alikula nikiwa jikoni nimempa mgongo. Mwezi wa tatu alitoka chini ya meza akaja kuninusa kisigino nikiosha vyombo. Sikugeuka. Niliendelea kusugua sufuria ileile mpaka maji yakapoa. Ukiiweka hiyo TikTok, ni video ya mtu anaosha sufuria. Hakuna atakayeilaiki, na ndiyo siku kubwa kuliko zote aliyowahi kuwa nayo humu ndani.

Waokoaji wana kanuni yao: siku 3 ashushe presha, wiki 3 azoee ratiba, miezi 3 ajione yuko kwao. Kama ni ya kukukumbusha utulie, ni nzuri. Shida ni kwamba watu wanaigeuza tarehe ya mwisho ya kulipa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hakuna mhenga aliyetuambia atashtuka kwa miezi mingapi.

Najua kuna anayesoma hapa akisonya. "Watoto wanalala njaa na wewe unatuletea hisia za mbwa." Sawa, tuongee kuhusu watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa, na karibu asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Kenya ina mkakati wa kuumaliza ugonjwa huu, wa mwaka 2014 hadi 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Sasa niambie, utamchanjaje mbwa asiyeshikika? Kila jiwe linalorushwa mtaani linamsogeza mbwa mmoja mbali na sindano, na kumsogeza mtoto mmoja karibu na meno. Na mtoto akiumwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Woga wa mbwa na usalama wa mtoto wako vinaishi ploti moja.

Na nyinyi waokoaji, msinipigie makofi bado. Matangazo yenu yamejaa sentensi moja: "Ni mpole, anahitaji tu upendo." Mnajua si kweli. Andikeni ukweli: anaogopa wanaume, hajawahi kupanda ngazi, ametoroka mara mbili, huenda mwaka huu wote hatakubali kushikwa. Wengi watapita. Waache wapite. Kila mbwa anayerudishwa anapanda gari tena, anaonja nyumba nyingine na kuipoteza, na anayempokea baadaye anaanzia nyuma ya pale mlipoanzia nyinyi. Tangazo la uongo linampunguzia mwokoaji mzigo kwa wiki mbili na kumwongezea mbwa miezi.

Ndiyo maana ulezi wa muda ni muhimu, na ndiyo maana hatupaswi kuugeuza kuwa stoo ya mbwa. Kwenye mabanda yenye kelele za mbwa sitini, hakuna anayeweza kujua mbwa mwoga ni nani hasa. Akikaa kwa mtu miezi miwili ndipo inajulikana anaogopa ufagio lakini si mwavuli, kwamba mbwa mwenzake akiwepo anapata ujasiri, kwamba usiku ana akili ya kucheza. Habari hizo ndizo zinazompatia kwao pa kudumu. Kwa hivyo mlezi wa muda alipiwe chakula na daktari wa mifugo, asiachiwe bili na ujumbe wa "Mungu akubariki". Na ajibiwe simu akipiga saa nne usiku.

Wewe unayetaka kumchukua, jiulize maswali ya kawaida kabisa. Mkataba wako wa nyumba unasemaje? Landilodi akikupa notisi, mbwa anaenda wapi? Unatoka saa kumi na moja alfajiri kupambana na matatu na kurudi saa mbili usiku, nani atakaa sakafuni? Fataki za Diwali na za mwaka mpya zikilia, utakuwa nyumbani au utakuwa umeenda ushago? Kama majibu hayapo, sema "sitaweza" na utembee kichwa juu. Lipia chanjo. Lipia mbwa mmoja afungwe kizazi. Mnunulie unga na matumbo anayeweza kukaa naye. Kazi hiyo haina picha nzuri, lakini mbwa hali picha.

Wapo mbwa ambao woga wao ni mateso kila saa ya kila siku, na daktari mwaminifu anaweza kukuambia hivyo. Hao ni wachache. Wengi wako sawa, ila saa yao inakwenda polepole kuliko yako. Huenda wako hatakuja mapajani maisha yake yote. Hakukuahidi. Ukitaka kipimo, mtazame anapolala. Mbwa mwoga hulala kama mpira, kichwa kimeelekea mlango, jicho moja likifanya kazi ya soja. Ikifika siku alale kwa ubavu, miguu imenyooka, amekupa mgongo, hapo amekupa kila alichonacho. Usitoe simu. Mjazie maji, hakikisha geti limefungwa, na upite polepole.